Mama Hasukumwi

Mpendwa Baba,

Ubao ulifika wiki tatu zilizopita. Ulikuja kwa gari la vifurushi kutoka Nairobi, umefungwa nailoni kama godoro jipya, na kabla sijaufungua nusu ya watu wa hapa Nchiru walikuwa wameshaupapasa. Wanafunzi wanaokuja dukani kwangu kununua kufuli na balbu za hosteli waliniuliza kama ni mlango wa kabati, kama ni meza ya kupigia pasi. Nikawaambia ni wa kuteleza juu ya maji. Unavutwa na boti, unasimama wima juu ya ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma yake, unapinda kulia na kushoto. Wakaangua kicheko. "Mathe, wewe?" Ndio, mimi, na miaka yangu arobaini na saba, na goti linalotabiri mvua kuliko redio.

Wewe hungecheka. Ungeupindua kwanza uutazame chini. "Ubao ni kama ng'ombe wa maziwa," ulikuwa ukisema, "usihangaike na sura, tazama chini."

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, acha niwaambie ulikuwa nani. Ulikuwa dereva wa boti kwenye bwawa la umeme kule chini Mbeere. Siku za kazi uliwabeba wapimaji wa kina cha maji, na Jumamosi uliwavuta wahandisi wa kigeni waliopenda mchezo huu. Mmoja wao alikufundisha, na mkataba wake ulipoisha akakuachia ubao wake wa mbao. Wewe, mtu wa Kanja, mtu wa kahawa na ng'ombe wawili, uliyekulia mahali ambapo maji mengi kabisa ni ya mtaro wa shamba! Kanisani wakakuuliza habari za mamba. Ukawajibu kwamba mamba wa bwawa lile hawali wazee wa kanisa, nyama yao ni ngumu.

Na mimi ni kifungua mimba wako. Kwetu Embu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, kwa hiyo mimi ni Wawira, na Wawira alikuwa mama yako. Hukuwahi kuniita kwa jina hata siku moja. Uliniita mama. Ulinisalimu asubuhi kabla sijakusalimu. Siku nilipovunja dirisha la jirani kwa jiwe, Mama aliposhika mwiko ulisimama katikati: "Utampiga mama yangu nikiona?" Mama akaurudisha mwiko kwenye sufuria akisema, "Huyo mama yako alinitosha akiwa mmoja."

Nilikuwa na miaka kumi na sita ulipoanza kunichukua bwawani wakati wa likizo. Kiatu cha mpira cha ule ubao kilikuwa kimechanika, ukaamua kukata kingine kwa tyubu ya lori. Nakumbuka vizuri. Ulikuwa umekaa juu ya kreti uani kwetu, kisu kidogo mkononi, ukaniambia kiatu cha mbele hukatwa kufuata mguu, wa kushoto au wa kulia, na ukikosea mguu umekosea kila kitu. Nikakuuliza mtu anajuaje mguu wake. Ukasema yule mhandisi alikusukuma ghafla kutoka nyuma, na mguu uliotangulia kukuzuia usianguke ndio uliowekwa mbele. Wako ulikuwa wa kushoto.

"Basi nisukume," nikasema, nikakupa mgongo nikafumba macho.

Nilingoja. Nikasikia kuku, nikasikia Mama akichambua maharagwe. Nilipogeuka ulikuwa bado umekaa juu ya kreti unanitazama kana kwamba nimetukana.

"Mama hasukumwi," ukasema. "Lete mguu wa kushoto. Damu ni moja."

Ukauchora mguu wangu wa kushoto kwa kalamu ya seremala.

Baba, nilianguka. Nilianguka likizo ya Aprili, nikaanguka ya Agosti, nikaanguka ya Desemba, miaka mitatu. Boti ikivuta nilisimama nusu, ubao ukapinda upande wake, mimi nikaenda wangu. Maji yaliniingia puani mpaka nikawa naota maji. Ulizima injini, ukarudi, ukanitupia kamba. "Piga magoti, mama. Mikono inyooke. Acha boti ikusimamishe, usijisimamishe mwenyewe." Hukuchoka na hukupandisha sauti. Laiti ungepandisha.

Kwa sababu ile Jumamosi ya mwisho, nikiwa na miaka kumi na tisa, kulikuwa na watu kwenye gati, wenzako wa kazini na familia zao, na nilipoanguka mara ya sita mtu akapiga makofi ya dhihaka. Nikaogelea mpaka kwenye boti, nikakutupia ule ubao miguuni. Nikasema, na wote walisikia: "Unanileta hapa nianguke watu wacheke. Wewe ni wa kuendesha boti tu, hujui kufundisha mtu. Maji yako siyataki."

Ukauokota ubao, ukaupangusa kwa mkono wa shati. "Haya, mama," ukasema.

Ni hayo tu. Tangu siku ile nilikuja Kanja kila Krismasi, nikiwa mwanafunzi, nikiwa bibi ya mtu, nikiwa mwenye duka, na tuliongea juu ya kila kitu kilicho chini ya jua isipokuwa ubao. Ulizeeka, ukaugua, tukakuzika mwaka juzi. Watu walisimama wakasema maneno mazuri juu yako, na mimi nilikuwa nimekaa mbele na lile neno langu kifuani, *wa kuendesha boti tu*, nikitafuta mahali pa kulitupa na nisipaone.

Ndiyo maana nimenunua ubao. Si ujana unaonirudia kama wanavyodhani huku Nchiru. Nilitaka kusimama juu ya yale maji japo mara moja, nijue makosa yalikuwa ya nani. Kama ni ya kwako, nisingekuwa mwovu sana. Kama ni ya kwangu, basi nilikuumiza bure.

Kuuchagua kulinichukua miezi. Kijana anayeuza vifaa vya michezo Nairobi alinihoji kwa simu kama daktari. Una kilo ngapi? Nikamwambia sabini na nane, na sirudii. Boti ina kasi gani? Nikasema ni boti ya mzee mmoja, inakwenda kama inavyotaka. Akasema basi nichukue ubao mpana kidogo katikati, wa inchi sitini na saba, usiopinda sana chini, kwa sababu mwembamba unataka boti kali na magoti ya msichana. Nikampenda, hakunidanganya. Kisha akauliza, "Na mguu wa mbele ni upi, madam?"

"Kushoto," nikasema bila kufikiri.

"Ulipimwa? Ulisukumwa?"

Nikatazama miguu yangu yote miwili chini ya kaunta.

"Situmi viatu mpaka ujue," akasema. "Tafuta mtu akusukume."

Kwa hiyo ubao uliofika ulikuwa uchi, una matundu ya skrubu na pezi dogo la chuma nyuma, basi. Jumapili iliyofuata nikashuka Kanja kuona Mama. Nikamweleza jambo lote jikoni, mpaka kwa kusukumwa. Akasema, "Mimi na uzee huu nianze michezo ya kusukumana? Kunywa chai." Nikachukua kikombe, nikasimama mlangoni kutazama migomba.

Baba, mke wako ana nguvu! Nilipigwa mgongoni kwa viganja viwili, chai ikaruka, nikajikuta nimesimama uani, kikombe mkononi hakina kitu.

"Usisogee!" Mama akapiga kelele. "Mguu upi huo?"

Nikatazama chini. Ulikuwa wa kulia.

Na Mama anacheka, ameshika fremu ya mlango, machozi yanamtoka. "Arobaini na kitu! Miaka arobaini na kitu nimengoja kumsukuma mama mkwe!" Nami nikacheka, kisha nikaona sicheki tena. Miaka mitatu ya kuanguka, kwa sababu ulimheshimu mama yako kuliko ulivyotaka nisimame. Niliona hasira, sitakuficha. Nikasema, "Alikosea. Baba ndiye alikosea."

Mama akapangusa macho kwa kanga. "Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Ile Krismasi ya kwanza baada ya ugomvi wenu. Kulikuwa na matope, ulikuwa unatoka kukamua, ukateleza pale kwenye mteremko wa zizi. Hukuanguka na maziwa hayakumwagika. Baba yako alikuwa anakutazama kutoka dirishani. Akaniambia, 'Ni wa kulia. Mama ni wa kulia.' Akaingia stoo hata chakula hakumaliza."

Tukaenda stoo. Mama akanyoosha kidole juu, kwenye boriti, lilikoning'inia gunia la kahawa. Ndani yake kulikuwa na viatu viwili vya mpira. Cha kushoto nilikijua, nilikichukia kwa miaka. Cha kulia sikuwahi kukiona. Ulipindua kigezo cha kushoto ukakata cha kulia, ukakinyunyizia poda ya watoto kisishikane, na poda bado ilinukia. Hakijawahi kuvaliwa. Kingo zake zimeanza kupasuka kwa kukaa.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii, Mama! Neno moja tu!"

"Mtu aliyemkosea mama yake aanzie wapi?" Mama akasema. "Alisema ukiuliza habari ya ubao, hata kwa mzaha, atakuletea. Kila Krismasi alikuwa anakipaka poda. Hukuuliza."

Sikuuliza, Baba. Nilidhani wewe ndiye uliyekasirika, nikangoja unisamehe. Kumbe nawe unangoja kwenye kiti kile kile cha upande wa pili wa meza. Nililia palepale stoo, nimekaa juu ya debe la dawa ya kahawa, mtu mzima mwenye duka.

Jumatatu nikampigia yule kijana, nikamwambia asitume viatu, atume bamba la kukazia kiatu na skrubu tu. Nikanunua tyubu mpya ya lori. Nikaweka kiatu chako cha kulia juu yake, nikachora kwa kalamu ya seremala, nikakata. Kwa mguu wa nyuma nilikata mkanda wa kushika vidole kutoka kwenye kile cha kushoto, sehemu iliyo nzima bado. Kilikuwa mahali pasipo pake tu, maskini, kosa halikuwa la kwake. Nikafunga kiatu kwenye matundu ya katikati. Ubao ukiinua pua sana nitakisogeza tundu moja mbele, ukichimba maji nitakirudisha nyuma. Pezi sikuligusa. "Ujue ubao kwanza ndipo uufundishe," si ulisema hivyo? Nimekuwa nikisema huna ulichonifundisha, na mikono yangu ilikuwa inafanya yote bila kuniuliza.

Leo asubuhi Njeru alinivuta. Njeru wako, uliyemfundisha usukani akiwa hajaota ndevu, sasa ni babu na ana boti yake. Mama alikaa nyuma ya boti na Biblia mapajani, kwa ajili ya mamba. Maji yalikuwa baridi na ya rangi ya chai. Nikaingiza mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, nikakunja magoti, nikanyoosha mikono. Njeru akageuka. "Tayari, mama?"

Yeye huwaita wanawake wote mama. Lakini mimi nilisikia sauti yako.

Nilianguka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaacha boti inisimamishe.

Sijui nilikaa juu kwa muda gani. Mama anasema ni kama kuimba wimbo mmoja wa tenzi bila kiitikio. Sikupinda kulia wala kushoto, sikufanya lolote la maana, nilisimama tu, naye Mama akaisahau Biblia akawa anapiga vigelegele. Nikatazama kiti cha dereva. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia, "Unaona? Makosa yalikuwa yako." Nilikuwa nayo haki hiyo. Maneno yalipofika mdomoni yakageuka, nikawa napiga kelele, "Unaona? Unaona, Baba?" mpaka nikameza maji nikaanguka.

Lile neno nilikuambia mbele ya watu, kwa hiyo nalirudisha mbele ya watu. Ulijua kufundisha. Mimi ndiye sikujua kuuliza. Kwa hilo nakuomba msamaha kama binti anavyomwomba baba yake.

Na la kwako, la mguu, ulilolibeba ndani ya gunia la kahawa Krismasi baada ya Krismasi ukikosa pa kuanzia. Hilo nakujibu kwa jina uliloniita siku zote. Limekwisha, mwanangu. Weka poda chini, upumzike.

Mama yako,
Wawira