Dada Somoe, Nazi Imepasua Tangi

Mpendwa dada Somoe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na jambo lolote kabla sijakuamkia. Hata ile siku uliyonijia umevimba kwa hasira nilikuamkia kwanza, ukaitikia kwa kununa, ndipo ukanisema.

Nazi imepasua tangi. Ni lile lile jeusi uliloniletea, la maji ya kumwagilia mawaridi. Unaukumbuka mnazi wa jirani ulioinamia uani kwangu, ambao ulinisihi miaka na miaka nimwambie aukate? Nazi yake ilidondoka mchana mmoja, ndiyo kwanza narudi kutoka shule, ikatua katikati ya tangi, na maji yote niliyonunua kwa mzee wa mkokoteni yakaishia mchangani. Jirani akaja kunipa pole. "Kazi ya Mungu hiyo, mwalimu." Nikamwuliza kama Mungu ndiye aliyekuja kupanda mnazi pale mpakani. Hukuwepo kunivuta kanga ninyamaze.

Fundi amelichoma, amelibandika, bado linavuja. Na kiangazi ndicho hiki, vuli wala haijanukia. Maji ya mji huu wa Masoko unayajua. Kisima chetu ni chumvi tupu, na waridi haliwezi chumvi. Bila tangi la kuwekea maji matamu, mawaridi yangu hayamalizi mwezi. Nilikuwa na akiba kidogo, nikasema basi, nitanunua jingine. Siku ya pili yake mwanao Zuhura akabisha hodi, kashika kipande cha kitenge.

Zuhura anaolewa, dada, korosho zikishauzwa. Mume ni kijana wa Kinjumbi, mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema. Mtoto alikaa pale kwenye kigoda chako, akakitandaza kitambaa mapajani. "Mama mdogo, sare ya upande wa mama ndiyo hii. Najua wewe na sare hampatani. Ila kiti cha mama hakina mtu mwingine." Alisema taratibu, ameinamisha macho, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nje darasani. Na wewe unaujua utaratibu kuliko mimi: anayekaa kiti cha mama hajinunulii peke yake, anawavalisha na wale shangazi zetu wazee wa Nyangamara wasio na uwezo. Akiba yangu inatosha jambo moja. Tangi au sare.

Nikamkumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa akitufanyia kila alipouza korosho? Karo ikishatengwa na chumvi ya mwaka ikishanunuliwa, anatuchukua mpaka Lindi mjini. "Kila mtu achague kimoja cha kuufurahisha moyo wake. Kimoja tu." Wewe ulichagua kanga, ukaenda nayo kifuani njia nzima. Mimi nilichagua mche wa waridi kwenye kopo la maziwa, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza maua barazani kwake. Mama alipotuona tunaingia uani alishika kiuno. "Mwenzio kachagua nguo, we umechagua miiba!" Ulicheka mpaka kanga ikaanguka vumbini.

Tulizeeka na sheria ile ya baba. Hata tulipohamia huku, wewe na cherehani yako na mimi na chaki zangu, kila mmoja alibaki na kimoja chake. Mimi sikununua hereni, sikununua makochi, televisheni niliyo nayo ni ile ya zamani yenye mgongo. Anasa yangu ilikuwa mawaridi na maji yake. Yako ilikuwa sare. Harusi ya nani, mwali wa nani katoka, ngoma ya mtaa gani, Somoe yumo, na kitenge kipya. Tukapimana hivyo maisha yetu yote. Ukinikuta namwaga maji matamu mchangani unasonya. "Hadija, ua lenyewe kesho limenyauka." Nami nakujibu, kitenge hicho utakivaa mara moja, kisha kinalala kashani. "Kinalala," unasema, "lakini hakifi." Hapo ulikuwa unanishinda, nami siku zote sikukubali.

Siku moja uliniambia nitazikwa na maua yangu. Nikakujibu kwamba kaburini hakuna sare, sanda ni nyeupe kwa wote. Tulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa nikiikumbuka sicheki.

Kuna jambo ambalo hatukuwahi kulimaliza, ndilo hasa lililonikalisha niandike. Mwaka ule nilipokwenda semina Lindi wiki nzima nilikuachia ufunguo. Mzee wa mkokoteni akaugua, maji matamu yakakosekana. Mtu mwingine angeyaacha mawaridi yakae na kiu yake. Wewe, na goti lako lile bovu, ulichota kisimani asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, siku tano. Wala hukuwa mjinga. Minazi yote ya mtaa huu inakunywa chumvi na inazaa mpaka inadondokea watu, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba waridi si mnazi. Mimi ndiye sikukuambia. Ulinipokea mlangoni umejaa furaha. "Nimeyanywesha mpaka yamekinai!" Nikatazama nyuma yako. Majani yalikuwa yameungua kingo zote.

Nilisema, "Hujui kitu duniani zaidi ya kitenge."

Uliweka ufunguo juu ya kigoda ukaondoka, unachechemea. Tukakaa mwezi mzima hatusemezani, katika mji ambao mtu anaumaliza kwa miguu. Kisha ukaja na guta, tangi limelala nyuma. "Kuna fundi alikuwa analitupa, nikasema nikuletee." Lilikuwa na karatasi ya dukani, dada. Niliiona. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nalitaka tangi, na kwa sababu kuuliza kungenilazimu kuomba radhi.

Habari yake niliipata kwenye arobaini yako. Tunachambua mchele, mimi na shoga yako Bi Mwajuma, akalitazama tangi uani akaniambia, "Lile pale ndiyo sare ya harusi ya mwanangu." Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba ulikwenda kwenye harusi ile na kanga ya zamani, ukakaa nyuma kwenye masufuria na wapishi, na wanawake wakanong'ona kwamba Somoe siku hizi amefilisika au ana lake jambo. Yeye mwenyewe alikununia mpaka ulipoanza kuumwa, ndipo ukamwambia. "Alisema mdogo wake hana kingine cha kumfurahisha," akasema Bi Mwajuma, akaendelea na mchele wake. Mimi mchele wangu niliuchanganya na chuya.

Na ule msiba wako, Somoe. Mimi sikuita mtu. Walikuja wenyewe, kutoka Kinjumbi, kutoka Nyangamara, kutoka mitaa ya hapa hapa ambayo sijawahi kuikanyaga. Walileta kuni, walipika siku tatu, walikuosha vizuri. Sikuwajua hata nusu. Kila niliyemwuliza wewe ni nani wa marehemu alinijibu neno lile lile: "Tulikuwa sare moja." Miaka yote ile nilidhani unanunua nguo.

Nimechoka, dada. Nimechoka na jua hili, na madaftari, na magoti ambayo sasa yanafanana na yako. Nimechoka zaidi na kupima. Wiki mbili nilikuwa naamka, natoka uani, nayatazama majani, kisha nakitazama kile kipande cha kitenge juu ya meza, kisha nakwenda shule sijaamua kitu. Nilikuwa nakuuliza, halafu najijibu mwenyewe kwa sauti yako, na hata katika kujijibu bado unanishinda.

Nimenunua sare. Nimewanunulia na shangazi, vitenge vyao vimekwenda Nyangamara na basi la juzi. Usinichekee. Rangi yenyewe ni ya chungwa lililooza, na kitambaa kinawasha shingoni. Bi Mwajuma ndiye amenishonea, kwa cherehani yako.

Siku ya kwenda kujaribu nguo kwake niliamka mapema nikachukua kisu. Nilikata kila shina lililokuwa bado na uhai, nikavifunga vijiti kwenye gunia lililoloa, nikaenda navyo. Walikuwepo wote, wale wa sare moja, wanageuka geuka mbele ya kioo. Nilipofungua gunia mmoja akasema, "Hee! Wenzie wanaleta vitumbua, mwalimu kaleta miiba." Nikasikia sauti ya mama kabisa. Nikampa kila mmoja kijiti chake. Nikawaambia kichomekeni kwenye kopo, kikombe kimoja kwa siku, maji yale yale mnayokunywa nyinyi. Kikombe kimoja hakimshindi mtu. Yalihitaji tangi kwa sababu nilikuwa nikiyalea yote peke yangu.

Bi Mwajuma akauliza, "Na tukikosa maji matamu? Ya kisima je?"

Sindano ilikuwa mdomoni mwake, na wote walikuwa wananitazama. Nikawaambia ya kisima hapana, yanaliua waridi. Lakini ukirudi nyumbani ukamkuta mtu amelimwagilia ya kisima, na goti linamuuma, mwambie asante kwanza. Wakadhani naendelea na somo. Bi Mwajuma peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Uani kwangu limebaki waridi moja, kwenye kopo la rangi, karibu na mlango. Kwingine ni mchanga mtupu, na tangi lako lililopasuka nimekataa kulitupa. Jirani amekata mnazi wake, amechelewa kama kawaida ya watu. Ijumaa nitakwenda kukaa kwenye kiti chako, na shingo inaniwasha, na sitajikuna mbele za watu.

Asante kwa maji, dada. Yote, na yale ya kisima. Ilinipasa kukuambia siku ile ile mlangoni.

Lala salama. Mungu akupe maji matamu huko uliko.

Mdogo wako, yule aliyechagua miiba