Damu ya Baba Iliyopimwa Dundee

Dundee, 20 Aprili 1998

Baba mpendwa,

Habari za Lurambi? Mimi mzima, ila baridi ya huku ng'ambo. Damu niliyokutoa Desemba nilipokuja nyumbani tumeipima hapa maabara. Ukuta wa mshipa ukiumizwa na sukari, humwaga protini fulani kwenye damu. Yako imepita ya wote tuliowapima. Naogopea miguu, Baba, maana sukari huitia ganzi. Usitembee peku hata uani.

Binti yako, Nekoye

Lurambi, 18 Mei 1998

Nekoye mwanangu,

Tungali hai, na mahindi ya shamba hili la kukodi yamefika magotini. Nilimwambia jirani Oduor kwamba mishipa yangu inamwaga protini. Akasema hata bati lake linavuja na hakuna aliyemwandikia. Niambie basi, dawa ya kuishusha ni ipi?

Babako, Cornelius

Dundee, 9 Juni 1998

Baba,

Natumaini hujambo. Dawa ya protini hiyo hakuna. Tunajua kuipima tu. Meza vidonge vyako, kagua nyayo kila jioni. Ninaona moshi kwenu nami sina maji.

Binti yako, Nekoye

Lurambi, 27 Septemba 1998

Nekoye,

Nakusalimu, uniwie radhi kwa kimya. Agosti tulimtahiri Protus, mwana wa kaka yako. Nilimsindikiza kutoka mtoni alikopakwa tope, na kwa mila yetu hapo babu havai viatu. Niliimba mpaka nyumbani. Shina la muwa lilinichoma unyayo, sikusikia kitu. Wanawake ndio walioona damu.

Sasa unyayo ni mweusi. Daktari anataka kukata chini ya goti. Nikamuuliza mguu utazikwa wapi, akacheka. Kiungo cha mtu huzikwa kwao, na kwetu ni Saboti, tulikochomewa nyumba tukafukuzwa mwaka wa tisini na mbili. Nikiuacha mguu katika udongo wa mtu mwingine, mwili utaufuata wapi? Nimerudi nyumbani bila kukatwa.

Babako

Dundee, 12 Oktoba 1998

Baba,

Salamu baadaye. Kubali ukatwe! Mwombe mwenye shamba kipande cha kutosha mguu tu. Nakupigia magoti.

Nekoye wako

Lurambi, 3 Novemba 1998

Mwanangu,

Hujambo? Mwenye shamba amekubali, tena bure. Amenionyesha mahali, karibu na ua. Jana kaka yako alinirudisha hospitali. Daktari aliugusa mguu, akapandisha mkono mpaka pajani, weusi ulikofika, kisha akanifunika shuka. Hakutaja tena kukata.

Uje, ukiweza.

Babako, Cornelius