Vidonge Visivyosubiri Jumatatu

Mama Nyemo,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi Tatu, uliyenifundisha kuuza dawa. Duka lako la pale stendi ya Dodoma bado lipo, ila aliyekalia kiti chako sasa ni mpwa wako Yona. Lo! Soko huria limewapa hata wapumbavu funguo za duka.

Amebandika karatasi ukutani: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, bila cheti cha daktari hakuna. Dawa ya malaria? Chukua. Sindano? Chukua. Cheti ni cha wasichana peke yao.

Jumamosi alikuja yule mzee wa kanisa aliyesimama msibani kwako akamwomba Mungu akusamehe "yale uliyowauzia mabinti za watu". Akazungukazunguka, akanunua dawa ya kikohozi asiyoihitaji, kisha akanong'ona. Yona akamfungia vidonge hivyohivyo kwenye gazeti. Cheti? Thubutu! "Karibu tena, Mzee." Na mkewe ni bibi wa wajukuu, Mama, alishaacha kuzaa zamani. Mnafiki mkubwa yule.

Hata hajavuka barabara, akaingia binti wa chuo, macho yamemvimba. Kondomu imepasuka, akasema, tena kwa adabu kabisa. Yona akapaza sauti wateja wote wasikie: una mume? Mama yako anajua? Nenda kwa daktari Jumatatu! Jumatatu, Mama! Wewe ulikuwa ukituambia vidonge hivi vikicheleweshwa vinapungua nguvu, na kwamba aibu haijawahi kumtibu mtu. Nilikukumbuka. Laiti ungekuwepo…

Nikachukua pakiti, nikamkimbilia nje, nikampa, nikamweleza namna ya kumeza. Akasema asante dada.

Yona akanifukuza kazi palepale. "Nani kakufundisha ukorofi huu?" Nikamtajia jina lako, la ubatizo na la Kigogo, kwa sauti kubwa kuliko yake. Akageuka akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa.

Sijutii. Kazi sina, lakini nazunguka kuitafuta, nimefika hadi Kongwa. Kila duka la dawa nikiingia, kabla hawajaniuliza kitu nawauliza mimi: binti akija peke yake, mtamuuzia? Wawili wameshanionyesha mlango. Nakuahidi nitaendelea kuuliza.

Lala salama, Mama.

Tatu wako