Sindano Kwenye Friji ya Bucha

Mama mpendwa, shikamoo kutoka Kayole. Vumbi ni jingi na mjukuu wako bado ana mafua.

Jana Mama Shiro, jirani wa dada, alitaka kunidunga peptidi, dawa anayouza ya kuongeza kinga ya mwili. Huiweka kwenye friji ya bucha, kando ya matumbo.

"Si unanyonyesha? Itamfikia mtoto kwa maziwa."

"Na wewe ulidungwa lini?"

"Mimi? Naogopa sindano, Mama Baraka."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini nilimwambia wazi, bila daktari sidungwi. Leo tumetoka kliniki, kifua cha Baraka ni safi, mafua yataisha yenyewe. Sasa ulale, Mama, na umwombee kwa sauti ya chini, majirani nao walale.

Binti yako akupendaye.