Mbwemkuru Jazz Inakwenda Wapi

Mbekenyera,
14 Juni 1997

Kaka Filbert,

Pokea salamu zetu za huku. Mimi mzima. Shemeji yako Eliudi yupo vilevile. Juzi alisema mguu wa kushoto unamwasha, tukafurahi nusu siku nzima, kumbe ni siafu kamng'ata ubavuni. Alicheka mwenyewe. Sijui ninyi, nasikia Nachingwea kuna mafua mabaya.

Kaka, watu wamenikaba. Tangu Mzee Yasini, mwimbaji wenu, aseme siku ya Pasaka kwamba mwaka huu Mbwemkuru Jazz itafanya jambo, huku hakuna mazungumzo mengine. Mikidadi, yule fundi cherehani wa sokoni, anasema mnahamia Dar es Salaam, na ameshajua hata mtaa mtakaokaa. Wengine wanasema bendi inavunjika, maana huu mwaka wa pili hamjatoa wimbo mpya. Jirani yangu Mwanaheri, muuza maandazi, anaapa kwamba Mzee anakwenda kuhiji Maka na akirudi hatagusa muziki tena. Jana walibishana hapa uani kwangu mpaka uji wa Eliudi ukaungua.

Wakimaliza wananigeukia mimi: "Prisca, mpiga gita la rizimu ni kaka yako. Muulize basi."

Ndiyo nakuuliza, na mimi pia nataka kujua. Ni miaka miwili na nusu sasa tangu Eliudi aanguke kutoka juu ya paa la ghala, na sijafika hata Ruangwa mjini. Nikienda kuteka maji lazima nimwombe mtu akae naye, kwa sababu asipogeuzwa kila baada ya saa mbili anapata vidonda. Siku ikiwa ndefu sana nafungua redio nikitegemea watapiga wimbo wenu. Mkivunja bendi nitategemea nini?

Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Prisca


Nachingwea,
2 Julai 1997

Mdogo wangu Prisca,

Barua yako imefika, imelowa mafuta ya taa lakini inasomeka. Mafua yapo kweli, mimi yamenipita. Mpe shemeji pole ya siafu.

Na huku ni hivyohivyo. Nikienda buchani, muuza nyama ananyanyua kisu halafu hakati mpaka nimwambie kama tunakwenda Dar.

Sasa nakueleza ukweli, na ukishasoma uchome karatasi hii. Hakuna Dar wala hakuna Maka. Mzee Yasini hana sauti. Ilianza kukwaruza mwaka juzi, na tangu Krismasi imekwisha kabisa. Kuongea anaongea, ila akitaka kupandisha kidogo inakatika. Daktari alimwambia apumzike. Yeye akasema siku atakayopumzika ndiyo siku bendi itakufa.

Kwa hiyo anayeimba ni mimi. Nakaa nyuma ya spika kubwa ya kulia, gita mkononi na maiki yangu mdomoni, yeye anasimama mbele ya watu anafumbua kinywa. Sauti zetu hazipishani sana, maana ni yeye aliyenifundisha hata namna ya kuvuta pumzi. Watu wanapiga makofi, "Mzee bado yumo!" Mimi kule nyuma naangalia nyaya.

Lile jambo alilolisema Pasaka lilikuwa maneno ya kuwatuliza tu. Tuko sita bendini, na sote tumeapa kunyamaza.

Kuna na lingine. Bendi moja ya Mtwara imeniita mara mbili. Wanataka nisimame mbele, niimbe kwa jina langu. Sijawajibu. Nikiondoka, Jumamosi inayofuata Mzee atafumbua kinywa mbele ya watu na hakitatoka kitu. Baba aliponifukuza nyumbani kwa ajili ya gita nilikuwa na miaka kumi na sita, na Mzee Yasini ndiye aliyenipa mkeka na chakula miaka saba. Leo nina arobaini na moja. Kila ninakogeuka naona ukuta.

Wasalimie hapo. Waambie sijakujibu.

Kaka yako,
Filbert


Mbekenyera,
25 Agosti 1997

Kaka Filbert,

Hujambo? Sisi hatujambo. Korosho zimeanza kutoa maua na shamba halijapaliliwa, lakini hilo si la kukuandikia.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Eliudi aliniuliza umesema nini, nikamwambia umeandika habari za mafua.

Kaka, nenda Mtwara. Mimi siwezi kumwacha mume wangu, na wala sitaki kumwacha. Lakini wewe una miguu, na Mzee Yasini si mgonjwa wa kitandani. Tulizaliwa wawili tu, mmoja wetu atoke.

Wapenzi wenu wanaendelea kuja hapa. Nimewaambia hujajibu, hawakuamini. Mikidadi anaandikisha watu wa kuja huko tarehe tisa Desemba, kwenye lile dansi lenu la alasiri la sikukuu ya Uhuru. Watapanda lori la korosho. Tayari wamefika arobaini.

Mdogo wako,
Prisca


Nachingwea,
18 Oktoba 1997

Prisca,

Natumaini mko salama.

Leo asubuhi stendi nimekutana na mtu wa huko kwenu, simjui hata jina. Alinishika mkono akaniuliza, "Vipi, Filbert, huko nyuma ya spika kuna joto?" Kisha akacheka, akapanda basi.

Nani amesoma barua yangu?

Filbert


Mbekenyera,
2 Novemba 1997

Kaka yangu,

Nakusalimia kwa aibu.

Hakuna aliyeisoma. Niliichoma siku ileile, kama ulivyoniambia. Nilisema kwa mdomo wangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, usinionee huruma. Tangu Eliudi aumie, watu wanakuja hapa kunipa pole. Wanasimama mlangoni, wanasema "pole Prisca," wanaondoka haraka kama vile kuvunjika mgongo kunaambukiza. Halafu zikaja hizi habari za bendi, na watu wakaanza kukaa. Wakileta vigoda vyao. Wakinisikiliza. Mikidadi aliwahi kuniambia, "Dada, hapa kwako ndiyo makao makuu." Hata Eliudi akawa anabishana nao kutoka ndani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke.

Nilipowaambia hujajibu, walipungua. Wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya tatu alikuja Mwanaheri peke yake, akanikuta nalia, si kwa ajili yako, kwa ajili ya kuchoka tu. Akauliza, "Kaka yako ana shida gani?" Nikamwambia yote. Nilimwapisha. Kesho yake uani kulijaa.

Kaka, ubaya wenyewe ni huu: nilipoona vigoda vimerudi, nilifurahi kabla sijaogopa.

Nimewasihi wasije huko tarehe tisa. Wamesema ndiyo watakuja sasa.

Mdogo wako,
Prisca


Mbekenyera,
11 Januari 1998

Kaka Filbert,

Upo mzima? Mvua hii wanayoiita El Nino imetukata pande zote. Lori lililowapeleka watu kwenu lilikwama wakati wa kurudi siku sita, watu wakarudi kwa miguu, wengine wanaumwa hadi leo. Ukuta wetu wa jikoni umelala chini. Eliudi nimemhamishia chumba cha mbele kwa sababu cha nyuma kinavuja.

Waliorudi hawanielezi jambo la kueleweka. Mikidadi anasema, "Dada, tumeona makubwa," halafu anaendelea na cherehani yake. Mwanaheri anapita hapa bila kukaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka tu kujua kilichotokea. Barua hii nampa mtu anayevuka kwa miguu mpaka Ruangwa, huenda ikakufika.

Mdogo wako,
Prisca


Nachingwea,
7 Juni 1998

Prisca,

Salamu. Barua yako ya Januari niliipata Machi. Miezi hii mitatu si mvua iliyonizuia kujibu. Sikutaka.

Ilikuwa hivi. Ukumbi ulijaa saa tisa, watu hadi madirishani. Wimbo wa kwanza na wa pili watu walicheza. Wa tatu, nimefika katikati ya ubeti, Mikidadi wenu akapaza sauti kutoka mbele kabisa, "Mzee, tunajua! Imba mwenyewe!" Wengine wakacheka. Wengine wakamzomea Mikidadi. Mimi nikakatiza, na Mzee Yasini akabaki mbele kinywa wazi, kimya, kama nilivyokuandikia kuwa itakuwa.

Akanyanyua mkono, bendi ikanyamaza. Akazunguka nyuma ya spika, akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono. Nilidhani atanipiga. Akanivuta mpaka mbele. Akasema kwenye maiki, kwa ile sauti yake iliyopasuka, "Huyu ndiye mliyekuwa mnampigia makofi. Mimi nimekwisha. Kuanzia leo bendi ni yake, na hataiacha." Akashuka jukwaani, akaomba kiti, akakaa katikati ya watu.

Walishangilia mpaka bati likatetemeka. Wanawake walilia. Mikidadi alipanda akanikumbatia. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Nikapiga. Ningefanya nini? Tulipiga mpaka jua likaingia mawinguni na mvua ikaanza.

Mtwara waliandika tena Februari, nikawajibu hapana. Mzee alikuwa ameanza kusema mwaka huu angepumzika kwa hiari yake, nami ningeondoka kimyakimya. Ungefunga mdomo wako miezi michache tu! Sasa nimekabidhiwa mbele ya umati, na kila Jumamosi Mzee anakaa kwenye kiti kilekile ananitazama. Hanilaumu kitu. Ananitazama tu, ana furaha.

Hasira zimepungua. Lakini sina la kukuandikia zaidi.

Msalimie shemeji.

Filbert


Mbekenyera,
10 Agosti 1999

Kaka Filbert,

Hali yako? Mwaka umepita na zaidi. Mimi nimekonda kidogo, Eliudi ana homa tangu Alhamisi kwa sababu ya kidonda cha kiunoni. Mganga wa zahanati amempa sindano, na leo ameweza kunywa uji.

Juzi, Nanenane, mlipiga hapa kwetu kwenye ghala la ushirika. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua mia mbili, nimewahi kuzihesabu. Mwanaheri alikuwa ameniahidi kukaa na Eliudi, tumeshapatana mimi na yeye. Lakini kwa homa ile sikuweza kumwachia mtu. Nikafungua madirisha yote.

Nilisikia kila wimbo. Ukiimba mbele, sauti yako haifanani na ya Mzee Yasini hata kidogo. Ni ya nyumbani kwetu. Eliudi alisema, "Huyo ni baba yenu akiita mbuzi." Tulicheka tukasikia haya.

Halafu jua likiwa linashuka nikakuona. Ulikuwa umesimama kwenye uzio wetu, umeshika mti wa kona. Nami nilikuwa nimemnyanyua Eliudi, mwili wake wote begani kwangu, nusu nimemgeuza. Nikimwachia angelalia kidonda. Nikaita jina lako mara moja. Sikuita tena kwa sababu pumzi yote ilikuwa kwenye kumshikilia. Nilipomlaza vizuri na kutoka nje, lori lenu lilikuwa linapiga honi kule barabarani.

Mikidadi na wenzake wameanza tena. Wanasema Filbert ataipeleka bendi Dar, wengine wanasema Filbert ataiacha bendi. Wameniuliza. Nimewaambia sijui, na kweli sijui. Sikuulizi habari za bendi, kaka. Nakuuliza habari zako.

Mdogo wako,
Prisca


Nachingwea,
24 Agosti 1999

Mdogo wangu Prisca,

Nimefurahi kusikia shemeji amekunywa uji. Mimi kifua kinabana kila nikimaliza kuimba, si kitu kikubwa.

Siku ile pale uzioni nilikusikia. Uliita "Filbert" na niliijua sauti. Nikajiambia ni mtu mwingine anaita mtu mwingine, nikarudi kwenye lori. Tangu hapo sijalala vizuri, na nisingekwambia kama usingeandika kuwa uliniona.

Umeniuliza habari zangu. Naimba nyimbo zilezile ambazo Mzee alitunga kabla sijaota ndevu. Nikianza mpya, watu wanapiga kelele, "Ya zamani! Ya zamani!" Mzee kwenye kiti chake naye anatikisa kichwa, ananihurumia kidogo. Hiyo ndiyo habari yangu.

Naja kwenu Jumamosi ya tarehe nne Septemba. Siku hiyo tuna dansi hapa na tangazo limeshabandikwa, jina langu kwa herufi kubwa. Sitakuwepo. Hii ni mara ya kwanza tangu niingie bendini. Nimemwambia Mzee Yasini peke yake. Akauliza, "Utarudi?" Nikamjibu nitarudi Jumapili. Akasema, "Watu watasema umehama." Nikamwambia waseme. Tukaachana hapo.

Sitakuja na gita. Nitafika mapema na basi la kwanza. Barua hii ikiwahi, niandikie jinsi ya kumgeuza shemeji, mkono unashika wapi na mto unakaa upande gani. Isipowahi utanionyesha mwenyewe mara mbili tatu mpaka nijue. Uji nitapika, sijasahau.

Nitakaa naye mpaka giza liingie. Wewe uvae viatu utoke. Nenda Ruangwa, nenda Likunja, nenda ukakae tu chini ya mkorosho wa mtu usiyemjua. Usinieleze unakwenda wapi, na usirudi kabla ya jioni.

Kaka yako,
Filbert