Sauti Waliyoiajiri

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimefanya jambo. Au tuseme binti yangu ndiye aliyefanya, mimi nilikuwa pembeni namnong'oneza.

Saa nne asubuhi simu yangu ikaita. Makao makuu ya hospitali! Ni ile nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, naiomba mara ya tatu sasa. Mara mbili za kwanza niliitwa ofisini, nikaongea, wakatabasamu, wakasema kazi naijua sana, ila lafudhi yangu nzito, wodini hawatanielewa kwenye simu. Miaka kumi na moja nafua shuka zao na hakuna shuka iliyolalamika. Safari hii wakasema intavyuu ni ya simu, Jumatatu. Wakapiga leo.

Binti akapokea. Si kwa ubaya, ni mazoea tu. Simu zote za nyumba hii anazipiga na kuzipokea yeye tangu ana miaka tisa, na husema yeye ndiye mimi. Yuko darasa la tatu alishamweleza daktari, akijifanya mimi, habari za presha yake na uzazi wake wa mwisho ulivyomtesa. Alikuja huku ana miaka miwili. Ukifumba macho humtofautishi na wenyeji.

Akasema, "Ndiyo, ni mimi." Ndipo akanitazama. Macho yametutoka wote wawili.

Basi. Yule mama wa makao makuu anauliza, binti anaziba simu, ananigeuzia Kiswahili, nanong'ona, yeye anasema. Shuka yenye damu? Maji baridi kwanza, ya moto yanaigandisha. Mashine ikizima katikati? Chomoa umeme, mwaga maji, usiguse mlango. Yote nimejibu mimi. Yote kasema yeye. Hata jina langu alilitamka wanavyolitamka wao, nikakaribia kuuliza huyo ni nani.

Baba yao alikuwa anakunywa chai. Kwetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Huku analinda maegesho ya magari, walimpa kwa sababu ni kazi isiyo na maneno. Akasema tu, "Mmejibu vizuri."

Ijumaa, 10 Machi

Nimepata!! Barua imekuja. Wamesifia ujuzi wangu na — binti kasoma mara mbili — sauti yangu safi, inayoeleweka.

Nikacheka. Nikaingia bafuni nikalia kidogo. Nikatoka nikapika.

Ofisi ya msimamizi ina kiti. Magoti yangu yameshapata habari.

Jumapili, 12 Machi

Nimemwambia binti, mwanangu, twende tukaseme ukweli. Akasema wakijua hatutapewa hata kurudi kwenye kufua. Kweli, lakini moyo haujatulia.

Basi akanifundisha. Kanikalisha mbele ya kioo. Ulimi huku, midomo vile, mama usikaze taya. Saa nzima tumepitia maneno matano. Nikamuuliza, nimefanana nao?

"Mama, umefanana na mtu aliyetoka kung'olewa jino."

Huyu mtoto nilimbeba mgongoni.

Jumatatu, 20 Machi

Siku ya kwanza. Nimekaukiwa sauti. Ndivyo tulivyoamua mimi na binti. Nimejifunga skafu shingoni na nimebeba daftari. Wakiniuliza naandika. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu mbaya, lakini hauna lafudhi.

Simu ya wodini ikiita nanyanyua, nasikiliza, nagonga meza mara mbili nimeelewa, nakata. Shuka zinakwenda. Hadi saa nane mchana hakuna wodi iliyokosa hata foronya. Wodi ya wazazi wametuma salamu: msimamizi mpya hana maneno mengi, wamempenda.

Kiti kinazunguka.

Jumanne, 21 Machi

Mwenzangu anayekunja foronya, yeye katoka nchi nyingine kabisa, ana lafudhi yake na mimi yangu, na tunaelewana miaka yote bila shida. Leo kanivuta nyuma ya mashine. "Mafua gani haya dada yangu, hukohoi, huchemui?"

Nikamwandikia: ni ya ndani.

Akanitazama weee. Akasema, "Haya. Mungu akuponye kabla hawajakupima." Akaenda zake. Nimekosa raha siku nzima.

Jumatano, 22 Machi

Barua pepe. Binti kanisomea kwa simu wakati wa mapumziko.

Yule mama wa makao makuu anakuja kesho. Ananipa pole ya koo. Anasema hajaisahau sauti yangu. Wameamua ndiyo itakayosema "karibu" kwa kila anayepiga simu hospitali. Hospitali nzima! Anakuja na fundi wa kurekodi.

Jioni tumekaa watatu kama tuna msiba. Binti anasema ataomba ruhusa kazini kwake aje ajifiche chini ya meza, mimi nichezeshe midomo. Nikasema nenda ukalale. Baba yao akasema, "Wape sauti yako."

Rahisi kwako, nikamwambia, wewe unaongea na magari.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Nilipaswa kuchunga ulimi.

Alhamisi, 23 Machi

Niko stoo ya shuka, mlango nimejifungia, daftari gotini. Saa nne na nusu.

Amekuja. Mtu mwema! Bora angekuwa mkorofi. Kaniletea asali na limau. Kanishika mikono yote miwili, anasema sauti kama yangu ni adimu, tujaribu hata sentensi moja. Fundi kashatega kinasa sauti mezani kwangu. Nikaashiria ngojeni kidogo, nikaja humu.

Binti katuma ujumbe: Mama niko getini, niingie?

Nikamwuliza, ukiingia utasema nini?

Akajibu: nitasema mimi ni mwanao, nimekuja kukusaidia.

Nimekaa na ujumbe huo. Akifungua mdomo tu, yule mama atamtambua. Atamkumbatia yeye. Nitakuwa nimesimama pale na skafu yangu. Miaka kumi na sita mtoto anakuwa mimi, na sijawahi kumwuliza kama amechoka.

Nikamwandikia: rudi kazini kwako.

Akajibu: MAMA!

Nimeizima simu.

Wamegonga. Yule mama anauliza kama niko salama, kama nahitaji maji. Nikavua skafu. Nikamjibu kwa lugha yao, kwa nguvu, kupitia mlangoni: nipo salama, asante, natoka sasa hivi. Ulimi haukwenda popote ulipofundishwa. Umetoka ulivyozaliwa.

Nasikia mashine za kukaushia tu.

Sasa ananiuliza, taratibu, kwa wasiwasi: niko na nani humu ndani.