Baba, Hukukisaini Kipimo Kile

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa kitandani kufunga kamba za viatu, ukashindwa kuinuka. Nyumba imezoea mengi, lakini bado haijazoea kukosa sauti ya kijiko chako, ukikoroga chai mpaka Mama anauliza kama unatafuta kitu humo ndani.

Miaka ishirini na sita ulikuwa fundi wa maabara. Mkono wako ulikuwa mwepesi. Watoto uliowachoma sindano walilia baadaye, walipokumbuka kwamba walipaswa kulia.

Nyumbani mtu akikohoa, hukusema pole kwanza. Uliuliza, "Tangu lini?" Tulikucheka, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Ugonjwa ule wa mapafu ulipoingia, mliagizwa kutengeneza kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili, wale askari ambao mwili huwaunda kupigana na virusi. Askari hao huchukua wiki moja au mbili kujitokeza. Kwa hiyo juu ya kila kichupa uliandika mgonjwa amekohoa siku ngapi.

Mkurugenzi wako, uliyembandika jina la Bwana Picha kwa kuwa hakukanyaga maabara bila mpiga picha, hakutaka kusikia habari za siku. Alikijaribu kipimo kwa damu ya watu waliokwisha kupona tu, kikapata mia kwa mia. Ni sawa na mwalimu kuandika majibu ubaoni, kisha akajipigia makofi darasa lilipofaulu.

"Mzee, saini hapa tukitoe," alikuambia mbele ya wenzako.

"Kwa mgonjwa wa siku ya tatu kitadanganya, Mkurugenzi."

"Kwani wewe ni fundi wa maabara au kalenda?"

Wakacheka wale ambao hucheka bosi akicheka. Wewe ukafunika kalamu yako.

"Basi kalenda imekataa," ulisema.

Akakuhamishia chumba cha kuoshea chupa, na kipimo kikatoka bila sahihi yako. Jirani yetu, fundi cherehani, alipimwa siku ya pili ya kikohozi, akaambiwa hana kitu. Akarudi kiwandani kushona. Wenzake wanne walilazwa, mmoja hakurudi. Ulikwenda kumzika mtu usiyemjua, ukasimama nyuma kabisa kama mwenye kosa. Mwenye kosa hasa, saa ile ile, alikuwa redioni akijisifu.

Sasa wachunguzi wanauliza nani aliidhinisha kipimo kile. Wiki iliyopita Bwana Picha alibisha hodi kwetu, safari hii peke yake, na karatasi ameshaichapa: Mama athibitishe kwamba uliidhinisha kwa mdomo. Mtu mzima, tai shingoni, anatafuta marehemu wa kujificha nyuma yake!

"Shemeji, ni jambo dogo tu," alisema.

"Shemeji wa nani?"

"Marehemu alikuwa mtu wa watu. Angependa tulimalize hili kwa amani."

Mama hakumpa hata kiti. "Mume wangu alikataa akiwa hai, wewe umemsimamia kichwani. Leo amekufa ndiyo akubali?"

Bwana Picha aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Aliondoka haraka hata akasahau kuaga, na hakuna aliyemsindikiza.

Kesho yake Mama alivaa nguo zake nzuri, akaenda kwa wachunguzi kusema anayoyajua. Nasi tunayasema hapa mbele ya kila anayesoma, ili asitokee mtu wa kukuchafua ukiwa umelala: hukusaini, hukukubali kwa mdomo, wala kwa kutikisa kichwa.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao mkubwa na mkewe, bintiyo, dada yako, wajukuu zako wawili, na jirani yetu fundi cherehani, aliyeomba naye atajwe.

Pumzika, Baba. Jina lako tunalo, ni safi, na hatutaliacha mikononi mwa mtu. Siku zetu zote tutakukumbuka.